Shoga, basha, gei, huntha: kila jina lina swali lake

Niliwahi kupewa hojaji ya kliniki moja ya huku Pwani niitafsiri. Kurasa sita tu. Nikajipa siku mbili. Umri, kazi, ndoa, dawa unazotumia, hayo yalipita kama maji. Nikakwama swali la tisa. Lilimtaka mtu atie tiki kwenye kisanduku kimoja kati ya vitano, aseme yeye ni nani kimapenzi. Kisanduku cha kwanza nikakiandikia "shoga", cha pili "msagaji", vilivyobaki nikavipa maneno marefu ya ofisini, nikafunga kazi. Lakini roho haikutulia. Nikaomba niijaribu kwanza kwa watu wanne watano wanaofika pale kliniki, kwa hiari yao, kabla haijachapwa.

Wa kwanza alikuwa dereva wa tuktuk, mtu mzima, ana mke na watoto, na ana rafiki wa kiume ambaye wahudumu wa pale wanamjua. Akavisoma visanduku vyote, kalamu mkononi, akarudi juu akavisoma tena.

"Changu hakipo, ndugu yangu."

"Na hiki cha kwanza?"

Akacheka. "Shoga si mimi. Shoga ni yeye. Mimi mwanamume."

Hakuwa anadanganya, wala hakuwa anajificha. Mtu wa kujificha asingekaa kwenye lile benchi. Alijibu vizuri kabisa, ila swali alilojibu halikuwa lile nililodhani nimeliuliza. Tangu siku ile nikisikia watu wanabishana kuhusu majina haya, redioni au kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, huwa nasikiliza kwanza kila mmoja anajibu swali gani. Mara nyingi yanakuwa maswali matatu au manne yaliyofungwa furushi moja.

Nani anatenda, nani anatendwa

Basha na shoga, yaani mwanamume anayetenda na mwenzake anayetendwa, ni maneno ya jozi. Ni kama kungwi na mwali: huwezi kumweleza mmoja bila kumgusa wa pili. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa na kuandika juu yake mwaka 1987, aliona kwamba watu wa mji ule waliyapima mahusiano haya kwa uwezo na hadhi: nani ana mali, nani anamtegemea nani. Basha ndiye mwenye mkono wa kutoa. Analipa kodi ya chumba, ananunua nguo za sikukuu. Shoga ndiye anayetunzwa, na ndiye anayeonekana kwenye ngoma na harusi upande wa wanawake, mahali ambapo basha hawezi kutia mguu. Basha anaoa, anazaa, anakwenda msikitini, na jina la uanaume halimtoki. Kwa mpangilio huu dereva wangu ana haki yake yote. Nilimwuliza "wewe ni shoga?" na yeye akasikia "wewe ndiye unayetunzwa?" Hapana, yeye ndiye anayetunza.

Sarufi yetu inaunga mkono fikra hii kuliko tunavyotambua. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa; kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, na hakuna anayefikiri mara mbili. Hata matusi yanayowalenga watu hawa (msomaji anayajua, sina haja ya kuyaandika) yamejengwa juu ya msingi huo huo. Tusi linamwangukia anayetendwa. Anayetenda anapita bila kuguswa.

Sasa njoo kwa wanawake. Kusagana. Kauli imebadilika, imekuwa ya kutendana, na ghafla hakuna mtenda wala mtendwa. Kiarabu nacho kina neno sihaq lenye maana ile ile ya kusugua na kusaga, kwa hiyo picha ya jiwe la kusagia si yetu pekee. Lakini usidhani usawa huo wa sarufi unawafurahisha wanaoitwa hivyo. Mama mmoja aliyenisomea hojaji alipofika kisanduku cha pili alinitazama kwa jicho la kuniadhibu. "Msagaji? Mimi nasaga nini, mahindi?" Akasogeza karatasi mbali. Shida yake ilikuwa wazi: neno linataja tendo, tena tendo la kitandani, na yeye alitaka kuzungumzia mtu aliyekaa naye miaka kumi na moja, aliyemuuguza, ambaye wanagombana naye juu ya bili ya stima kama watu wote.

Shoga nalo lina balaa lake la peke yake. Shangazi yangu ana shoga yake tangu walipokuwa chuoni wakisoma Kurani. Hamwiti jina lingine. Akimwona ng'ambo ya barabara pale Marikiti anapaza sauti, "Shoga! Shoga yangu, wee!", na vijana wauza mifuko, waliokuja kutoka bara juzi tu, wanagongana mabega kwa kicheko. Kwenye kamusi maana ya rafiki baina ya wanawake ipo, na katika midomo ya wanawake wa mwambao ndiyo maana ya kwanza mpaka leo. Si vigumu kuona njia neno lilikopita: mwanamume anayekaa na wanawake, anayecheka nao na kusuka nao ukili, alikuwa shoga yao kama walivyo mashoga wao kwa wao. Kwa hiyo jina lilianza kwa kueleza mtu anakaa na nani. Habari ya nani anamtamani nani ilikuja nyuma yake.

Vuka bahari uone maneno yanavyoweza kumcheza mtu. Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norwe, aliandika mwaka 1977 kuhusu mji wa Sohar, Oman, na watu wanaoitwa khanith: wanaume kwa kuzaliwa, wanaokaa na wanawake, wenye mavazi yaliyo katikati ya yale ya kike na ya kiume, na ambao wanaweza kurudi kuhesabiwa wanaume wakioa na ndoa ikathibitika usiku wa harusi. Neno hilo hilo liko kwetu, hanithi, na kwa Waswahili wengi maana yake ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, basi. Familia moja yenye nyumba mbili, Unguja na Maskati, inaweza kutumia neno moja kwenye simu moja na kila upande ukafahamu lake.

Maneno yaliyokuja na meli nyingine

Wazo lililo nyuma ya neno "gei" lina asili tofauti kabisa, na si ya kale kama watu wanavyodhani. Mwaka 1864 mwanasheria Mjerumani, Karl Heinrich Ulrichs, alianza kuandika vijitabu akisema kuna aina ya wanaume wanaozaliwa na mvuto wa kimapenzi kwa wanaume wenzao, akawaita Urning. Mwaka 1869 mwandishi wa Kihungari, Karl-Maria Kertbeny, akachapisha neno lake "Homosexual", na alilichapisha akipinga sheria ya Prusia iliyowaadhibu wanaume kwa kulala na wanaume wenzao. Kabla ya hapo sheria za Ulaya zilijua tendo na dhambi. Kina Ulrichs wakaja na wazo kwamba nyuma ya tendo kuna mtu wa aina fulani, awe ametenda au hajatenda, awe upande huu wa kitanda au ule.

Ukilikubali wazo hilo, basha na shoga wanaingia kapu moja, na mwanamke aliyeolewa ambaye hajawahi kumgusa mwanamke mwenzake, lakini moyo wake uko huko, naye anapata jina. Ni wazo lenye nguvu. Limewapa watu wengi maneno ya kueleza kitu walichokijua tangu utotoni bila kukisema. Ila ni jibu la "unavutiwa na nani?", na Kiswahili cha zamani hakikuwa na haja kubwa ya kuliuliza hivyo.

Watu wa afya waligonga ukuta huu huu. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika vita dhidi ya Ukimwi, waliona kwamba ukitangaza "huduma kwa mashoga" kina dereva wangu hawaji, kwa sababu tangazo haliwahusu. Wakatunga istilahi isiyogusa nafsi ya mtu hata kidogo: wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Kwa takwimu na kwa mgao wa dawa inafaa sana, na Nairobi kipo hata kikundi, Ishtar MSM, kilichobeba herufi zake za Kiingereza kwenye jina lake. Lakini jaribu kumtambulisha mpenzi wako kwa dada yako kwa istilahi hiyo.

Na sheria? Hapa ndipo uchaguzi wa jina unapoacha kuwa mambo ya kamusi. Vifungu tulivyonavyo Afrika Mashariki vilitoka kwenye kanuni ya adhabu ya India ya mwaka 1860, kifungu cha 377, kazi ya Waingereza, vyenye ule msemo wa "kinyume cha maumbile". Kenya ni kifungu cha 162, miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Tanzania ni kifungu cha 154, na adhabu inafika kifungo cha maisha. Vyote vinaadhibu tendo. Uganda ilitaka kwenda mbali zaidi: mswada uliopitishwa na Bunge Machi 2023 uliligeuza jina lenyewe kuwa kosa, yaani mtu kujitaja tu kuwa gei au transi (mtu anayejijua kuwa wa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa). Rais Museveni aliurudisha, na sheria aliyoitia saini Mei 2023 haikuwa na kifungu hicho, ingawa ina kifungo cha maisha kwa tendo na hukumu ya kifo kwa hali fulani. Kwa wiki kadhaa, basi, kujibu "unajiitaje?" kulikaribia kuwa jinai peke yake.

Kenya nayo ilikuwa na kesi ya jina, tena jina la shirika. Mwaka 2013 bodi inayosajili mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa majina yaliyopelekwa na wakili Eric Gitari kwa sababu yalikuwa na maneno "gei" na "lesbiani". Shauri likapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kwa wawili, ilisema kukataa ule usajili kulikuwa ubaguzi. Miaka kumi mahakamani kwa ajili ya maneno mawili kwenye fomu! Wenzao wa Mombasa walipita mlango mwingine: wakajiita PEMA, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, lakini ukilisoma kwa Kiswahili ni mahali palipo pema. Mimi nawavulia kofia kwa ustadi huo.

Mwili ni swali jingine, na nafsi jingine tena

Mpaka hapa nimezungumza juu ya nani anampenda nani. Swali la mtu ni mwanamume au mwanamke liko chumba kingine, na Kiswahili kimetuchanganyia funguo. Fomu za Tanzania zinaandika "Jinsi: Me/Ke", na wasomi wa huko wanasisitiza kwamba jinsi ni ya maumbile na jinsia ni ya malezi na majukumu. Kenya tunaandika "jinsia" kwa yote mawili. Halafu wote kwa pamoja tunasema "mapenzi ya jinsia moja". Ndiyo maana mtu akisikia "utambulisho wa kijinsia" moja kwa moja anafikiria kitanda.

Huntha ni swali la mwili. Mtoto amezaliwa na maumbile ambayo mkunga hawezi kuyasema ni ya kiume au ya kike. Neno ni la Kiarabu na lina umri mkubwa; mafakihi walilitumia karne nyingi kujadili huntha anarithi fungu gani, maana urithi lazima ugawanywe na hauwezi kusubiri. Mwaka 2009 mtoto mmoja alizaliwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na kwenye karatasi zake mahali pa jinsia pakaandikwa alama ya kuuliza. Mamake alikwenda mahakamani, mtoto akaitwa Baby A kwenye kesi, na uamuzi wa Desemba 2014 ukaitaka serikali ishughulikie miongozo kwa watoto wa aina hiyo. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza nchini: 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawataja. Magazeti yanayumba kati ya "huntha", "jinsia mbili" na "jinsia tata". La pili si sahihi, kwa sababu hakuna mtu mwenye jinsi mbili kamili. La tatu linamfanya mtoto kuwa kitendawili. Mimi nabaki na huntha. Na huntha anaweza kumpenda yeyote au asimpende yeyote. Jina lake halisemi lolote juu ya hilo.

Transi ni swali la nafsi: mwili ulisomwa hivi, mtu mwenyewe anajijua vile. Hatuna neno lililotulia. Wenyewe wengi wanasema "transi". Vyombo vya habari vinapenda "aliyebadili jinsia", na hapo pana tatizo, kwa sababu linamfikirisha msomaji juu ya kisu na hospitali, wakati wengi hawajawahi kuiona meza ya upasuaji. Maneno ya zamani ni mabaya zaidi. Jikedume: jike na dume ni maneno ya mifugo.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili kimelimaliza bila kelele. Ukiwa Toronto au Minneapolis utaulizwa uitwe kwa kiwakilishi gani, cha kiume, cha kike au cha wengi. Mswahili anakaa kimya akitafuta jibu, maana kwao ni "yeye" tangu zamani. Amekuja, amelala, anapika: hujui ni mume au mke mpaka uambiwe. Lakini usishangilie haraka. Jinsia iliyokosekana kwenye kiambishi imehamia kwenye salamu. Kaka, dada, mjomba, shangazi, bwana, bibi. Huwezi kupanda matatu bila kupewa jinsia na kondakta. Transi mmoja aliyenisomea hojaji aliniambia hesabu yake ya asubuhi ni hiyo: akiambiwa "siste, songa kidogo", siku imenyooka, akiambiwa "bro", anashuka kituo kabla ya chake. Hakuhitaji istilahi yoyote ya kisayansi. Alihitaji "dada".

Kwenye karatasi mambo ni magumu zaidi. Audrey Mbugua, mwanamke transi, alipambana na baraza la mitihani la Kenya kwa sababu cheti chake cha sekondari kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia isiyomfaa, na kila mwajiri alimwona kama mwizi wa vyeti. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru apewe cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hoja iliyonikaa kichwani ni kwamba alama hiyo haina kazi yoyote pale. Hisabati ulipata ngapi? Hilo ndilo cheti kinajibu.

Sasa mtu achague lipi?

Anza kwa kulitenganisha furushi. Moyo unaelekea wapi, umelala na nani, mwili ulizaliwaje, unajiona nani, na watu wakuiteje. Majibu hayalazimiki kupangana kama shanga. Ukiona jina moja linakuumiza, angalia kwanza kama si jibu la swali ambalo hukuulizwa. Mama yule wa kisanduku cha pili alikataa msagaji akakubali "ninapenda wanawake" bila kusita.

Halafu angalia masikio. Waganda wana neno kuchu, wanaitana hivyo wao kwa wao kwa upendo, na mashoga wa Mombasa wanaitana shoga huku wakigonga viganja. Neno hilo hilo mdomoni mwa askari ni kitu kingine. Kama wewe si wa ndani, ngoja uambiwe. Na kama ni wa ndani, kuwa na jina la baraza, jina la kliniki na jina la nyumbani si unafiki. Ni Mswahili gani asiye na jina la ukoo, jina la utani na jina aliloitwa na bibi yake tu? Kuna watakaokuambia usipojitangaza kwa neno la herufi kubwa hujajikubali. Hao wengi hawaishi chini ya kifungu cha 162.

Kalamu ina uzito kuliko mdomo. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mwelekeo wa kimapenzi kati ya taarifa nyeti, pamoja na afya na dini, kwa hiyo unaweza kumwuliza mhudumu fomu inakwenda wapi na inakaa kwa nani. Ukiona anababaika, acha wazi.

Swali langu la tisa nililivunja vipande vinne. Unavutiwa na nani. Katika miezi kumi na miwili umekutana kimwili na nani. Ulipozaliwa cheti kiliandikwa nini. La mwisho halikuwa na kisanduku, mstari mtupu tu: unapenda uitweje?

Dereva wa tuktuk alirudi wiki iliyofuata kuchukua dawa, nikampa ile mpya. Vitatu vya mwanzo akavijaza chapuchapu, bila kuniangalia. Kwenye mstari akatulia kidogo, akaandika "Baba", na mbele yake jina la bintiye wa kwanza.